Punje ya Pili ya Shangazi Evangelina

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, shangazi yangu Evangelina huchukua tunda moja kavu la kahawa, hulipasua kwa meno na kutoa punje mbili. Moja huitafuna polepole akitazama migomba yake. Ya pili huifunga kwenye pindo la kitenge. Tangu utotoni nilitaka kumuuliza sababu, nikaona haya. Nilidhani humwekea marehemu mumewe.

Kijiji chote cha Ihembe kinaijua kahawa yake. Si ya kunywa. Ni akamwani, ya kutafuna. Matunda huchemshwa pamoja na mchaichai na majani mengine yenye harufu mpaka maji yakauke, kisha huanikwa. Mgeni hupewa kwanza hiyo, maneno baadaye.

Mwaka huu binti yake wa mwisho, Felicitas, alipata mchumba wa kijiji cha Kituntu. Wakwe wangekuja Jumamosi, na msemaji wao alikuwa Mzee Protase. Sifa zake tulizijua. Katika nyumba moja alisinzia wakati wa posa, alipoamka akasema kahawa ya hapo imelala, basi naye amelala, akaondoka na watu wake. Felicitas aliposikia jina hilo aliacha hata kula.

Juu ya hayo, shangazi alimkabidhi chungu cha kahawa Nikuze, mke wa mwanawe, kwa mara ya kwanza. Majirani walinong'ona kwamba binti wa Kinyarwanda atajulia wapi akamwani. Shangazi aliwajibu kwamba hata yeye alizaliwa hajui.

Jumatatu nilimkuta shangazi ameketi kando ya chungu, tunda mdomoni. Tunda halikuwa na uchungu wowote. Nikuze alieleza huku machozi yakimlengalenga kwamba aliona maji yamekuwa meusi na machungu, akayamimina kwenye karai na kutia mengine, kama wafanyavyo kwao kwa mboga chungu. Alitaka wageni wapate kitu kitamu.

"Wifi," Felicitas akasema, "sasa tutazeeka wote humu, mimi na wewe, tukigombania jiko."

Nikuze akacheka na kulia kwa pamoja.

Nilimuuliza shangazi kama naweza kusema jambo. Nikasema kwamba kinachomwamsha mtu ni kafeini, mojawapo ya alkaloidi, vitu vichungu ambavyo mimea mingi hutengeneza na wadudu huviogopa. Majani mengi ya dawa yanayogusa akili ya mtu yana ndugu zake. Na kafeini huyeyuka kwenye maji ya moto. Kwa hiyo haikupotea. Ilihamia kwenye karai.

"Na karai liko wapi?" shangazi akauliza.

Lilikuwa kivulini, limejaa. Nikuze alikuwa anasubiri yapoe, maana alishaambiwa kwamba maji ya moto hayamwagwi kwenye migomba.

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Walimwaga maji mapya, wakarudisha yale meusi, na Nikuze akachochea moto mpaka chungu kikakauka kabisa. Wiki nzima alilinda mkeka wa kuanikia, akifukuza kuku.

Jumamosi Mzee Protase alitafuna tunda la kwanza, akakunja uso, akaomba la pili. Hakusinzia. Aliongea mpaka watu wake wakaanza kumvuta koti. Alisimulia posa yake mwenyewe, akasifu ndizi, na posa ya Felicitas ikapokelewa kabla chakula hakijapoa. Akiaga alitaka kujua nani kapika kahawa. Shangazi alimshika Nikuze mkono na kumsogeza mbele.

Kesho yake asubuhi shangazi alipasua tunda lake kama kawaida. Punje ya pili hakuifunga. Alimpa Nikuze, aliyekuwa anapiga miayo mlangoni. Nikapata ujasiri.

"Shangazi, miaka yote hii, kwa nini hutafuni zote mbili?"

"Nikitafuna zote mbili," akasema, "moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka."