Siku Mjomba Alipokuja Kujitazama kwenye Runinga

Mjomba wangu alianguka na kiti cha plastiki kwenye harusi ya dada yangu, mbele ya ukoo mzima, sahani ya pilau mkononi. Miguu ya kiti ilitanuka kama ya ndama anayejifunza kusimama, naye akashuka nacho taratibu bila kumwaga hata punje ya wali. Tangu hapo hakukalia kiti kabla ya kukikagua. Alikizunguka, akakipiga kofi mgongoni, akaugusa mguu mmoja baada ya mwingine, akasema "Bismillahi", ndipo akakaa. Alikuwa amefuga ngamia huko Hulugho maisha yake yote. Hakujua namna nyingine ya kukagua kitu.

Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya mifugo mjini Garissa, kazi yangu kuandika vibali na kupiga mihuri. Saa ya chai wenzangu walinizunguka. "Tufanyie mjomba!" Nilikunja mgongo, nikashika rula kama bakora, nikakikagua kiti cha bosi. Mwishoni niliongeza langu: niliinama nikakitazama meno, kama mtu anayetafuta umri wa mnyama. Siku moja nilipoinuka nilimwona bosi amesimama mlangoni. Nikajua kazi imeota mbawa. Akafuta machozi, akasema, "Rudia pale pa meno."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio! Marafiki wawili wa mtaani kwetu Iftin walinirekodi kwa simu nyuma ya duka la fundi cherehani, nimevaa kikoi cha marehemu baba na ndevu za pamba zilizopakwa hina. Video ikasambaa mpaka wanawake wauza maziwa wakawa wananisimamisha sokoni. Haukupita muda nikapigiwa simu kutoka Nairobi. Kulikuwa na tamthilia ya vichekesho, na walitaka mtu wa kucheza mzee kutoka kwetu.

Kwenye usaili tulikuwa wengi, na wengine walikuwa waigizaji niliozoea kuwaona kwenye runinga. Mwongozaji, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliniambia niongeze lafudhi ya Kisomali. "Ile ya kuweka b mahali pa p. Hapo watu watavunjika mbavu."

Nikajaribu. "Nimebanda basi mbaka Nairobi, na sijabata hata chai."

Alicheka, lakini mimi niliona aibu, kana kwamba nimemvua mjomba kofia hadharani.

"Mama," nikamwambia, "mjomba wangu akiongea Kiswahili husema hivyo kweli, na sitamficha. Lakini kinachochekesha si ulimi wake. Naomba kiti."

Kiti kikaletwa. Nilikizunguka. Nilisikia viatu vyangu tu. Nikakipiga kofi. Mtu mmoja akacheka nyuma. Nikafika kwenye meno, na mpiga picha akaachia kamera akashika tumbo. Mwongozaji hakucheka. Alivaa miwani yake, akanitazama, akauliza, "Unaweza kuanza lini?"

Sikumbuki nilivyoteremka zile ngazi. Nakumbuka niko barabarani namkumbatia muuza karanga nisiyemjua.

Kwetu mjomba huitwa abti, naye humwita mpwa wake abti vilevile. Vipindi vitatu vilikuwa vimeonyeshwa simu ilipoingia kutoka Hulugho.

"Abti," alisema kwa Kisomali, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ambo ya kisima. "Watu wananiambia niko kwenye runinga."

Nikajitetea haraka. "Ni mchezo tu, abti."

"Ijumaa nakuja. Niambie saa."

Alifika Ijumaa na kanzu safi. Marudio yalikuwa baada ya swala ya alasiri, na sebule ya mama ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mama akaninong'oneza, "Ukimdhalilisha ndugu yangu, usirudi hapa." Mjomba alitazama kipindi chote ameegemeza kidevu kwenye bakora. Hakucheka, na kwa kuwa yeye hakucheka, hakuna aliyethubutu kucheka.

Kipindi kikaisha. Akageuka.

"Yule mzee ni mjinga."

Mama akafumba macho.

"Ngamia umemwona kwa picha tu?" mjomba akaendelea. "Unapiga kofi mgongoni kabla hujasimama upande wake? Atakuvunja mbavu! Lete kiti."

Akanyanyuka. Hapo mbele ya watu wote akanifundisha: unavyokaribia polepole ukimsemesha, unavyopitisha kiganja kutoka bega hadi goti, unavyosikiliza pumzi. Alipofika kwenye meno ya kiti cha plastiki alisita, akakitazama vizuri, akatangaza, "Huyu ni mzee sana. Msinunue." Nyumba ikalipuka! Mama alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. Mimi nilikuwa natafuta kalamu huku machozi yakinitoka, nikiandika nyuma ya bahasha kila alichokifanya.

Kipindi cha kwanza cha msimu wa pili nilikicheza hivyo hivyo, neno kwa neno, na wiki hiyo mwongozaji akanipa mkataba mrefu. Nikaacha mihuri. Tangu hapo nimecheza mganga muoga, hakimu anayesinzia na mwalimu wa zamu mwenye kiatu kimoja, na kila mmoja nilimwokota kwa mtu niliyempenda.

Mwaka jana tulirekodi Modogashe, na mjomba akaja kutazama. Madereva wa malori waliponiona waliniita kwa jina la yule mzee wangu wa runinga, "Abti! Abti!" Mimi nikainua mkono. Mjomba alikuwa ameshavuka barabara, anawasalimia mmoja mmoja, anawauliza habari za safari na za watoto. Mwongozaji akaniuliza kama tumwite arudi, wapiga picha wanatusubiri.

"Mwache kwanza," nikasema, nami nikavuka.