Kumbikumbi wa Mkaguzi

Jamani, hili jambo nimelificha miaka mingi, na hata sasa masikio yananiwaka moto nikilisimulia, lakini acheni niseme tu, mcheke mmalize.

Miaka ya sabini nilikuwa nikifundisha darasa la kwanza karibu na Mosocho, msichana asiye na cheti (kiburi ndicho nilichokuwa nacho tele), na siku hiyo mkaguzi wa shule alikuwa anakuja kutazama somo langu. Akiridhika, angenipendekeza niende chuo cha ualimu; asiporidhika, hakuna chuo. Basi mimi nikaona kuchora mdudu ubaoni ni ushamba. Nikawapeleka watoto kwenye kichuguu nyuma ya choo, tukakifunika kwa majani ya mgomba, tukapigapiga vijiti chini kama tunavyofanya kwetu ili kumbikumbi wadhani mvua inanyesha, nao wakadanganyika, wakatoka! Tukajaza kopo zima. Darasani nikamgawia kila mtoto watano juu ya dawati.

"Hesabuni miguu, guseni mabawa, na mtu asile!"

Mkaguzi akachelewa. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, na mimi asubuhi sikunywa hata chai kwa wasiwasi, na kopo liko pale mezani, na utamu wa kumbikumbi mbichi mnaujua. Nikawapa watoto mgongo kama ninayeandika ubaoni, nikaonja mmoja. (Mmoja tu, nilijiambia, na nilijiambia hivyo hata kwa yule wa sita.) Kusikia pikipiki nje, nikajifuta haraka, nikageuka. Loo! Madawati matupu, mabawa yametapakaa kila mahali, watoto arobaini wanatafuna kimyakimya wakinitazama.

Mkaguzi akaingia na tai yake, Mwalimu Mkuu nyuma yake.

"Habari, Mwalimu. Somo ni nini leo?"

"Wadudu, bwana."

"Wako wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nikakunja uso: "Bwana Mkaguzi, watoto hawa hawana adabu! Nimegeuka kidogo tu, wamekula somo lote!"

Kemunto, mdogo kuliko wote, akainua mkono kwa heshima kabisa. "Mwalimu, bawa iko kwa mdomo yako."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Mkuu akageukia dirisha, mabega yakimtikisika, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Mkaguzi hakucheka. Akaandika, akaniachia karatasi: "Vielelezo vizuri, ila havidumu. Arudie mwakani."

Nililia, siwafichi, maana mwaka mzima wa kungoja si mchezo. Lakini kilichoniuma zaidi ni vile nilivyowatupia watoto lawama yote huku bawa likinining'inia mdomoni. Nikaapa sitafundisha tena na kitu kinacholika. Mkaguzi aliporudi mwaka uliofuata, nikiwa nimepanda darasa la pili na watoto wale wale, alinikuta na jongoo, Kemunto akiwa wa kwanza kumshika, na mimi nikiwa nimeshiba.