Maboga ya Rangi ya Mawese

Mambo yote yalitugharimu godoro moja, kikwembe kimoja na karafuu kikombe cha chai. Nimehesabu mara mbili. Nauza vitambaa sokoni hapa Kisangani, na mwenye kuhesabu mara moja sokoni kwetu jioni hula kwa jirani. Kuna na gharama ya nne, ila ile mtaiona wenyewe.

Juma lililopita mvua ilinyesha mtaani kwetu Kabondo, na asubuhi jirani yangu akaanika godoro lake ukutani. Godoro la sufi, ile pamba nyepesi ya mti, ambayo ikishalowana haisamehe mtu. Jua lilipolipata, harufu iliruka ukuta ikaingia kwangu bila kupiga hodi. Nilikuwa na kijiko cha uji mdomoni. Nilikirudisha bakulini na uji wake, samahani kwa kusema hivyo, na pale pale nikawa na miaka tisa tena.

Ilikuwa miaka ya vita. Mama alikuwa amepanda baleinière, zile boti ndefu za mbao, kwenda Basoko na chumvi na sabuni, arudi na samaki wa kukauka. Alisema wiki mbili. Wiki ya tatu mto ukafungwa: askari hawa upande huu, askari wale upande ule, na katikati hakuna chombo. Miezi saba ikapita bila hata salamu ya mdomo. Mimi nilibaki kwa Tantine Zaina, mdogo wake Mama, na watoto wake wawili wadogo.

Kabla ya kuondoka, Mama aligawa kikwembe chake kizuri, kitenge cha kujifunga. Kilikuwa vipande viwili vinavyofanana, rangi ya mawese mabichi, na ndege wadogo weusi wamerushwa kila mahali. Kimoja alijifunga kiunoni. Cha pili alikikunja ndani ya sanduku la bati, akaniita.

"Hii utanilindia. Nikirudi nitaivaa na mwenzake siku ya Idi."

Funguo akanipa mimi, si Tantine. Niliivaa shingoni kama medali.

Tantine alikuwa anashona kwa mkono, na kazi ilikuwa haba kama chumvi. Kulikuwa na mwanamke mmoja mgeni, kutoka Ulaya, aliyefanya kazi katika nyumba moja ya misaada karibu na mto. Sisi tulimwita Madame tu. Siku moja alimwita Tantine, mimi nikafuata kubeba kikapu. Madame akatoa karatasi, ukurasa wa gazeti uliopigwa fotokopi, mweusi na mweupe. Meza, mishumaa, na juu ya meza maboga madogo ya kitambaa. Alitaka kumi na mawili kwa ajili ya karamu.

"Kumi na mbili iko kazi mingi, Madame," Tantine alisema.

Wakapatana nusu gunia ya mchele na vipande vinne vya sabuni, na makopo mawili ya sardini yakatolewa pale pale kama arbuni. Nilisimama pembeni nikiona kwamba Tantine angeweza kupata gunia zima, kama angenyamaza kidogo kabla ya kusema merci. Sikumvuta mkono. Nilikuwa nimekwisha kuyaona yale makopo.

Kopo moja tuliligawana siku ile wote wanne, kila mtu samaki mmoja, na mafuta tukayapiga na chikwangue, ule mkate wa muhogo. La pili Tantine aliliweka juu ya kabati.

Kazi yenyewe si ngumu. Unaweka bakuli juu ya kitambaa, unazungusha mkaa, unakata duara. Unapitisha uzi ukingoni, unavuta, kitambaa kinajikusanya kama mdomo wa mtu aliyeonja limau. Unajaza, unafunga. Halafu unapitisha uzi mnene juu hadi chini mara nane, unakaza, na boga linapata mbavu zake. Kijiti cha mti wa kahawa juu, basi. Mtoto anaweza. Shida ilikuwa neno moja: unajaza.

Pamba sokoni hakuna. Lakini nyuma ya nyumba kulikuwa na godoro la Koko, baba yao Mama na Tantine, aliyeugua juu yake miezi minne hadi akafa. Hakuna aliyetaka kulinunua, na kulichoma Tantine aliona ni hasara. Alilipasua kwa wembe.

Nimeuza vitambaa vilivyotolewa mtoni, nimelala kwenye boti juu ya viwavi hai wa kuuza, lakini sijaona tena kitu kama kile. Sufi ilikuwa imeshikamana mabonge ya kahawia, yenye unyevu katikati kama mkate usioiva. Mkojo wa miezi minne, dawa ya vidonda, jasho la mzee. Kunguni walitoka wakitembea taratibu, wanene, kama watu wenye hati za nyumba. Kazi yangu ilikuwa kuchambua yale mabonge kwa vidole, nyuzi kwa nyuzi, juu ya mkeka juani. Nilifunga pua kwa kitambaa. Harufu ikaingia mdomoni. Nilifunga mdomo. Ikakaa kwenye kucha, na kwa siku nyingi nilikula kwa kijiko kama mtu wa serikali.

"Koko hachukii," Tantine alisema. "Alipenda kusaidia."

Tulishona maboga sita ya kwanza kwa pazia letu la zamani. Yalipendeza. Yalikuwa ya kijani, kwa sababu boga ni la kijani, nani hajui? Tukayapeleka. Madame aliyatazama, akamtazama Tantine, akacheka kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya.

"Non, mama. Rangi ya automne."

Akaeleza. Kwao kuna miezi ambayo baridi inaanza, majani yote yanageuka manjano na mekundu, yanaanguka, na miti inabaki mitupu. Maboga nayo yanakuwa na rangi ya moto. Alipoeleza macho yake yalilowa kidogo. Akanyoosha kidole kwenye kikapu chetu, kwenye chupa ya mafuta ya mawese. Ile. Rangi ile.

Njiani, karibu na nyumbani, Tantine akasimama.

"Kwao miti inagonjwa, beko wanafanya fête, karamu nzima," alisema. Akatema mate.

Kitambaa cha rangi ile sokoni kilikuwepo, kipande kimoja, na mwenye nacho alitaka bei ya mbuzi. Arbuni tulikuwa tumekula nusu yake. Mchele wa chakula ulikuwa umeisha. Tantine aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akanitazama shingoni, pale penye funguo.

"Weye unaona je?"

"Iko ya Mama."

"Mi najua iko ya mama yako. Tutamununulia ingine."

Nilingoja. Kwa miezi saba Tantine hakuwahi kutaja kitu cha Mama bila kusema *akirudi*. Sahani hii, mama yako akirudi. Deni lile, mama yako akirudi. Siku ile alisema "tutamununulia ingine," akanyamaza. Nilihesabu ule ukimya, nikauhesabu tena. Nikafungua sanduku mwenyewe.

Tulitandaza kikwembe, nikazungusha bakuli. Maduara kumi na mawili, na kikabaki kipande cha upana wa kiganja.

"Basi minataka kopo ya sardini," nilisema. "Yote. Peke yangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Hata batoto wasinuse."

Tantine alinitazama muda mrefu. Halafu akanipa makasi.

"Bon. Kata weye mwenyewe."

Nikakata. Makasi yalikuwa butu, yakatafuna zaidi ya kukata. Ndege mmoja alipoteza kichwa, mwingine mkia. Baadaye nikaenda nyuma ya choo na kopo langu, nikala samaki wote wanne kwa vidole vile vile vya godoro, nikanywa mafuta, nikalamba kifuniko hadi kikanikata ulimi. Damu na sardini na Koko, vyote mdomoni mara moja. Sikutapika. Ningetapika ningejisikia afadhali.

Maboga yalipokwisha, yalinuka. Machozi yangekutoka ukilisogeza moja puani. Tantine akapata wazo: alikopa karafuu kwa jirani, kikombe kizima, akazisokomeza ndani kwa sindano ya magunia, ishirini kwa kila boga. Tukayapeleka. Madame alichukua moja, akalikandamiza shavuni, akavuta pumzi hadi ndani kabisa. Mimi nilitazama miguu yangu. Nilikuwa nawaza kunguni.

"Oh, mama," alisema. "Ça sent l'automne."

Yaani linanukia automne, ile miezi yao ya majani kuanguka; hiyo ndiyo harufu yake. Mkojo wa Koko na karafuu. Tangu siku ile mtu akinisifia Ulaya, mimi nakumbuka kile kichwa kimeinama juu ya boga, macho yamefungwa kwa furaha.

Mchele tuliupata, tukala. Karamu sijui kama ilifanyika, maana hazikupita siku nyingi risasi zikaanza tena mjini, na Madame na wenzake wakapelekwa haraka Bangboka kupanda ndege. Tulipoweza kutoka nje, nyumba yao ilikuwa haina hata kitasa. Kwenye mtaro watoto walikuwa wanapiga mpira kwa boga moja kati ya yale yetu. Nilimpa mkubwa wao funguo ya sanduku, ambalo halikuwa tena na cha kufungiwa, akanipa boga. Nilililaza chini ya kabati.

Mama alirudi mwaka mmoja na miezi miwili tangu aondoke.

Aliingia uani amekonda, miguu imevimba, na kiunoni kile kikwembe, kimepauka, kimetiwa kiraka mara tatu, ndege wake karibu wamefutika. Tulilia sote. Alikunywa maji, akafungua fundo la kanga kichwani, akaniambia huku anacheka:

"Leta mwenzake."

Tantine alisema panya. Alisema upesi, kama mtu aliyelikariri jibu. Panya waliingia kwenye sanduku, wamekula yote. Mama alitikisa kichwa, na tangu siku ile hadi leo ana vita na panya. Nyumbani kwangu, anakoishi sasa, kuna mitego mitano. Nimeihesabu kwa kidole changu cha mguu, mara mbili.

Tantine alikufa miaka sita iliyopita. Siku zake za mwisho aliniambia, bila mimi kuuliza:

"Ile siku nilikuwa nangoja useme hapana. Ningerudisha lile kopo kwa Madame, tungelala njaa, ingepita. Weye ukataja bei. Nikajisemea, mutoto wake anasikia ndani ya moyo, dada yangu amekufa kweli."

Na mimi nilikuwa nimetaja bei kwa sababu yeye hakusema *akirudi*. Wawili tulikaa na kitambaa katikati yetu, kila mmoja akisoma kifo cha Mama usoni kwa mwenzake, na kule Basoko Mama anafua kile kingine, anakianika, anakikunja vizuri kwa ajili ya Idi.

Sasa nawaomba ushauri, nyinyi mnaojua kuishi na mama mzee. Kila robota la vitambaa likifika sokoni, ananiuliza jioni: "Haujaona mwenzake?" Boga bado ninalo, ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, na bado linanuka. Nikifumua, nitapata duara moja, ndege wanne wazima na watatu nusu. Nimpe? Nimwache na panya zake? Na mkisema nimwambie, basi mniambie na pa kuanzia, maana kila nikifungua mdomo kinachokuja kwanza ni ladha ya sardini.