Jibini Aliyopakwa Bibi Harusi

Asubuhi, jua halijashika bati vizuri, Wahiba Nasser amesimama mbele ya sufuria la maziwa na hasemi na mtu. Ukimsalimu utaitikiwa kwa nyusi. Majirani zake wa Kimara wameshamzoea na wala hawamwoni ana maringo. Wanajua maziwa ukiyapa kisogo yanakufanyia vituko.

Anasubiri mvuke upande na povu lijikusanye pembeni. Kabla hayajachemka, anaepua. Anamimina maji ya ndimu kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka taratibu, na mara maziwa yanakatika: mabonge meupe huku, maji ya manjano kule.

"Mwanamke mwingine akiona maziwa yamekatika anashika kichwa," anasema, ulimi sasa umemrudi. "Mie yasipokatika ndiyo nashika kichwa!"

Mabonge hayo anayachuja kwa kitambaa cheupe cha pamba, anayasuuza kwa maji baridi ili ukali wa ndimu utoke, kisha anayatundika kwenye msumari wa dirisha yajikamue yenyewe. Yakikauka kiasi, anayaponda pamoja na malai, krimu ya maziwa, mpaka yanalainika. Hapo ndipo majani yanapoingia: kotimiri, nanaa na mrehani, vyote vimekatwa vyembamba, na kitunguu saumu punje chache, chumvi na pilipili manga. Jibini hiyo inaliwa kwa karoti, matango na pilipili hoho, unachukua kipande unachovya. Wateja wake wanaiita jibini ya kuchovya, na jina limetosha.

Wahiba ana miaka arobaini na moja, mama wa watoto wawili. Wazee wake walikuwa wenye maduka, Waarabu wa mjini wa tangu na tangu, lakini yeye anasema biashara ya kukaa nyuma ya kaunta haikumwingia kabisa. Yeye mikono yake inataka sufuria.

"Nilikuwaga mpishi kwa Bi Dilshad," anaeleza. "Daktari akamkataza vya mafuta, masikini, na sambusa alikuwa anazipenda kufa. Akaniambia, Wahiba, nitafutie kitu cha kunidanganya roho. Ndiyo tukaanza kuhangaika na maziwa, tunaharibu, tunarudia, mpaka ikakubali."

Bi Dilshad alipohamia kwa watoto wake ng'ambo, kazi ikaisha, ujuzi ukabaki. Wahiba akaanza kutengeneza nyumbani na kuuza. Tatizo lilikuwa joto la Dar es Salaam. Jibini mbichi ikikosa ubaridi, alasiri haifiki. Kaka yake, Walid, mwenye duka Gongo la Mboto, akamwazima friji.

Kumwazima ndilo neno lenyewe, maana Walid hakuacha kulikumbusha. Wahiba alikuwa akiuza bakuli nane, wiki ikiwa nzuri kumi, kila moja shilingi elfu tatu, na maziwa na mkaa vilikula karibu yote. Walid akaona friji lake linalala na jibini ilhali dukani kwake watu wanaulizia soda za baridi.

"Akaniambia, dada, mie sikatai unapika vizuri. Lakini friji si la kufugia ndoto. Nikamwambia nina harusi Kinondoni, nimepata oda ya shughuli ya wanawake. Akasema sawa, harusi hiyo ipite. Wateja wasipoongezeka, nakuja na guta la mizigo nilichukue."

Kwa hiyo harusi ile ndiyo ilikuwa tegemeo lake lote. Ikifana, wanawake sitini wa Kinondoni wangeionja jibini yake kwa mara ya kwanza. Ikiharibika, friji linapanda guta na jibini imekwisha.

Bibi harusi alikuwa Rumaisa, binti wa Bi Zuwena. Siku hiyo alikuwa ndani na somo wake, Bi Tabu, mwanamke wa makamo mwenye kazi ya kumsinga na kumfunda kabla ya kupambwa. Asiyejua singo aambiwe: ni mchanganyiko wa liwa, karafuu na maua yaliyosagwa, anasuguliwa nao mwari mwili mzima mpaka ang'ae na anukie.

Wahiba alifika na bakuli kubwa jeupe la jibini, limefunikwa kitambaa. Na hapa ndipo alipojipalia makaa mwenyewe. Njiani alipita penye wauza maua, akasema moyoni kwamba nyumba ya harusi haiendewi kikavu. Akanunua kishada cha asumini, akakilaza juu ya kitambaa.

"Urembo tu! Wallahi nilitaka waseme, huyu naye kaja na lake."

Bakuli akaliweka mezani jikoni, akatoka uani kukata karoti. Binamu mmoja wa bibi harusi akapita, akaona asumini. Katika nyumba ya harusi, chenye asumini juu yake ni cha mwari, hakuna haja ya kuuliza. Akalibeba bakuli moja kwa moja hadi chumbani.

Bi Tabu, anayeishi Temeke na bado anacheka mpaka machozi akihadithia, anajitetea. "Mwanangu, ungekuwa wewe ungefanyaje? Nimefunua, naona kitu cheupe, laini, kina mrehani ndani. Mrehani si wa kikuba huo, kile cha maua anachovaa mwari? Nikasema hii singo ya kisasa, wameitia maziwa. Kitunguu saumu nilikisikia, sikatai. Nikadhani pilau la uani."

Akamsinga. Mikono, mabega, shingo, mgongo.

Uani, Wahiba alimaliza kukata, akaingia jikoni kuchukua jibini yake. Bakuli hakuna. Akatazama chini ya meza, kwenye friji la wenyewe, nyuma ya mitungi ya gesi. Yule binamu alipomwambia, kwa furaha kabisa, kwamba "ile singo yenu" keshaipeleka, Wahiba alikimbilia chumbani.

Alifika mlangoni wakati Rumaisa akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyevumilia kiasi cha kutosha, "Somo, mbona singo hii inanuka kachumbari?"

"Yarabi!" Wahiba alipiga ukelele. "Hiyo ya kula!"

Bi Zuwena, aliyekuwa amekuja nyuma yake kuuliza kulikoni, akamtazama binti yake aliyepakwa jibini hadi kidevuni, saa chache kabla ya kupambwa. Kisha akamgeukia mpishi. Wahiba anasema hajawahi kutazamwa hivyo na mtu aliye hai. Alichokiona yeye mbele ya macho yake kilikuwa guta la Walid.

"Nikasema basi. Nimemvunjia mwana wa mtu harusi yake, na friji limekwenda."

Rumaisa ndiye aliyemwokoa. Alilamba kidole, akatulia, akakilamba tena. "Mama," akasema, "mbona tamu?"

Bi Tabu akawa wa kwanza kuangua kicheko. Wakafuata mashangazi, wakafuata wasichana waliokuwa wakichungulia, mwishoni Bi Zuwena naye akalazimika kukaa kitandani akishika mbavu. Kicheko kile, anasema Wahiba, kilimwingia kama maji ya baridi kwa mtu aliyefungua saumu.

Lakini kucheka hakulishi wageni. Bakuli limechotwa kwa mikono, wanawake sitini wako njiani, na karoti zinasubiri kuchovywa hewani. Wahiba akaomba maziwa. Hayakuwepo ila yale ya chai ya wageni, ndoo nzima. Bi Zuwena hakusita.

"Chukua," alimwambia. "Watakunywa ya rangi. Chai ya maziwa wanayo kwao."

Akapika palepale, mbele za watu, yeye ambaye hata kwake hataki kusemeshwa. Bi Tabu, baada ya kumkabidhi mwari bafuni, akaja jikoni kukamua ndimu kama adhabu yake. Maziwa yalipokatika wanawake walipiga vigelegele, jambo ambalo Wahiba hakuwahi kufanyiwa kabla na halitarajii tena. Majani yalikuwa tele, maana mwari hakosi mrehani. Wageni walipoketi baada ya adhuhuri, bakuli lilikuwa mezani, safari hii karoti zimechomekwa juu yake ili hata kipofu ajue ni chakula.

Na bibi harusi? Aliogeshwa, akasingwa upya kwa singo ya kweli, akafukizwa udi mara mbili. "Nilimfukiza mpaka paka wa nyumba akahama," anasema Bi Tabu. Siku chache baadaye Rumaisa mwenyewe alimpigia simu Wahiba. Mume hakusikia harufu ya kachumbari hata kidogo. Alichosema ni kwamba ngozi ya mkewe laini mno. Bi Tabu alipopelekewa habari hiyo alidai sehemu ya sifa.

Kisa kile kilitembea Kinondoni kuliko kadi yoyote. Kila aliyekisikia alitaka kuionja hiyo jibini iliyopakwa mtu. Watu wakaanza kuagiza, wengine wakitaniana kwenye simu: "Bi Wahiba, nataka ya kula, ya kuoga ninayo."

Jumapili iliyofuata Walid alitokea Kimara na guta, kama alivyoahidi. Alikuta wanawake watatu wamekaa barazani wanasubiri bakuli zao. Alifungua friji lake akaona hakuna hata pa kulaza soda moja. Akachukua kipande cha karoti, akachovya, akala amesimama. Akachukua cha pili. Halafu akamwambia mwenye guta, "Braza, twende zetu. Hapa hakuna mzigo."

Guta lilipopinda kona, Wahiba aliingia ndani, akakaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango wa friji, akalia. "Nililia kwa raha, sifichi. Lilikuwa linanguruma mgongoni mwangu, nikasema nguruma baba, nguruma, huendi popote."

Sasa hivi anatengeneza bakuli kati ya arobaini na hamsini kwa wiki. Anaweka akiba anunue friji lake mwenyewe, kubwa zaidi, na kufungua dirisha la kuuzia upande wa barabarani. Asumini hagusi tena. Kila bakuli linalotoka kwake lina karoti juu.

Akishanunua, la Walid atamrudishia, kwa guta vilevile, hadi Gongo la Mboto. Ameshapanga hata namna litakavyoondoka: bakuli za jibini rafu ya juu, karoti na matango ya chini.

"Kwetu sie chombo cha mtu hakirudi kitupu," anasema Wahiba, akiufunga mlango wa friji kwa kiganja. "Kinilelee jibini muda wote huu, halafu nikirudishe kitupu?"