Kiti cha Kando ya Dereva

Asubuhi ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Magari mawili ya mbio yalisimama mbele ya nyumba yetu hapa Rumonge, moja jekundu na moja la kijivu, na majirani wote walikuwa wametoka nje kama kwamba kuna harusi. Imenirudia jana uliponitumia zile picha kwenye simu ukaniuliza, "Mama mkubwa, nichukue lipi?" Gari lako la kwanza, na harusi yako na Aline iko karibu, kwa hiyo naelewa kwa nini hulali. Taa umenipigia, rimu umenipigia, injini umeifunua ukaipiga kutoka kila upande. Nimevaa miwani nikazitazama zote. Jibu langu ni refu kidogo, basi keti unywe chai.

Wewe umenikuta nikiwa mama wa kulalamikia magoti, ukadhani nilizaliwa hivi. Hapana. Mimi nilikuwa mwanamke wa mbio. Tulipokuwa ukimbizini upande wa Kigoma, nilijifunza kuendesha kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa samaki niliyemfanyia kazi, na siku niliyoiingiza ile pikapu sokoni kinyumenyume bila kugusa meza ya mtu, wauza nyanya walinipigia makofi. Tuliporudi Burundi sikurudi na vingi, lakini nilirudi na mikono inayojua usukani. Wakati ule hapa Rumonge mwanamke mwenye permi, yaani leseni ya kuendesha, aliwafanya watu wasimame njiani kumtazama, na mimi nilipenda wasimame. Sitakuficha.

Mume wangu, baba yako mkubwa Deo, yeye alikuwa mtu wa baiskeli. Alisukuma madumu ya mawese kutoka Kigwena, akabeba mihogo ya Minago, akaipanda na kuishuka barabara hii ya ziwani mpaka akazijua kona zake zote kwa tabia. Gari alijaribu kuendesha mara moja tu. Aliliingiza mferejini taratibu kabisa, akashuka, akafuta mikono, akasema, "Hii kazi ni yako." Hakurudia tena, na mimi nilimpenda zaidi kwa hilo.

Tulikuwa tunauza mukeke. Samaki yule unamjua: akitoka ziwani alfajiri ni wa kumkaribishia mgeni, jua likimpanda ni habari nyingine. Tulimnunua Magara wavuvi wanaporudi na kazi ya usiku, tukampeleka Bujumbura kwenye magari ya watu. Tulingoja gari lijae abiria huku samaki wetu wanalegea tukiwatazama. Mwisho Deo akasema tununue gari letu. Mawese ya mama yake kule Kigwena, misimu kadhaa, yote yaliingia humo. Tukikosea kuchagua, hatukuwa na kingine cha kuuza.

Sasa utauliza kwa nini magari ya mbio na si gari la mizigo. Kwa sababu mimi ndiye niliyeagiza. Haruna, mtu wa Bujumbura aliyeuza magari yaliyokwisha kutumika, nilimwambia nataka dogo, mlango wa nyuma ufunguke kwenda juu, viti vya nyuma vilale masanduku ya barafu yaingie, na liwe na nguvu ya kuwahi. Akacheka, akasema anayo mawili ya namna hiyo, yote yalikuwa ya vijana. Akayaleta yeye na mdogo wake.

Jekundu lilitoka Ulaya. Usukani kushoto, kama inavyofaa nchi yetu, maana sisi tunapita kulia. Lilikuwa limelala chini, milango miwili tu, bomba la moshi nene, na ukiliwasha kuku wa jirani wanakimbia. La kijivu lilitoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, usukani kulia kama ile pikapu ya Kigoma. Lilikuwa na milango minne na ule wa nyuma, tumbo limeinuka kidogo, halina kelele, lakini ukikanyaga mafuta linakusukuma mgongoni.

Nilianza na jekundu. Nikaenda nalo hadi sokoni na kurudi. Lilikwaruza kwenye kila mfereji, na mkono wangu wa kushoto ukawa unatafuta gia ambayo sasa iko kulia. Sikujali. Nilikuwa nimeketi kushoto, dirisha wazi, na kila mtu aliona nani anaendesha. Muuza vitenge mmoja aliniita, "Mama Nella," kwa jina la mtoto wetu. Niliporudi nilikuwa nimeshalinunua kichwani.

Kisha la kijivu. Deo akaketi kando yangu, yaani upande wa kushoto. Gari lilikwenda vizuri mno, mikono yangu ikajikuta nyumbani. Lakini wenzake wa baiskeli waliokuwa njiani walimwona yeye pale kushoto, mahali watu wa hapa wamezoea kumtafuta dereva, wakampungia mikono. "Deo, hongera, umekuwa shoferi," walisema. Deo akapunga mkono, akatabasamu. Hakuwasahihisha.

Nilichemka, mwanangu. Tulipofika nyumbani akasema hili la kijivu ndilo gari, na mimi nikamjibu kabla hajamaliza.

"Unalitaka kwa sababu watu watadhani wewe ndiye dereva."

"Na ile nyekundu wewe unaipendea nini?" akauliza.

Jibu lilikuwa lilelile, nikageuka kufuta vumbi kwenye taa ya lile jekundu.

Mama yake Deo alikuwepo. Alikuja kutoka Kigwena kuona mawese yake yamegeuka kuwa kitu gani. Alikuwa mwanamke mfupi, vidole vyake vimeingia rangi ya mawese isiyotoka tena kwa sabuni, na hakuwa na desturi ya kupandisha sauti. Alituacha tugombane mpaka maneno yakatuishia. Kisha akalizunguka jekundu, akamwomba Haruna amfungulie akae nyuma. Haruna akakunja kiti cha mbele. Mama akalitazama lile tundu.

"Hapa mimi naingia namna gani, kama mbuzi?" akauliza, na majirani wakacheka. Yeye hakucheka. Akatugeukia sisi.

"Muko munachagua gari, ao muko munachagua midomo ya watu?" alisema. "Hawa wote watarudi kwao kupika. Mutabaki ninyi wawili mule ndani, kila siku, mvua na jua. Mwende na hii ya kijivu mpaka Magara. Mama Nella, wewe ukae mahali pako, na Deo akae mahali pake. Mukirudi, mutaniambia."

Haruna alitaka kusema jambo kuhusu mafuta ya gari. Mama akamtazama tu, naye akatoa funguo, akakubali kungoja na chai.

Tukafika karibu na Minago. Ziwa lilikuwa upande wa Deo, na alilitazama kama mtu ambaye hajawahi kuliona. Hapo tukakuta kamio, lori kubwa lililojaa magunia ya mihogo. Wewe umejifunza kuendesha Bujumbura, utanielewa: ukiwa na usukani kulia katika nchi inayopita kulia, nyuma ya kamio huoni kitu. Unaona magunia tu. Ili uone kinachokuja lazima ulitoe gari lote nje, na ukishalitoa umechelewa. Anayeona ni yule aliyeketi kando. Jambo hili nilikuwa nalijua nikiwa nyumbani, ila sikuwa nimewahi kulisikia tumboni. Nikaifuata ile kamio, moshi wake unatuingia, kiburi hakitaki niulize, mpaka nikauliza.

"Unaona nini?"

Deo akaegemea dirishani. "Ngoja," akasema. "Iko basi inakuja."

Basi likapita. Nikataka kukanyaga mafuta.

"Ngoja. Ile kona ya mbele inajifunga, na saa hizi kunakuwaka baiskeli za mawese."

Zilikuwepo kweli, zinashuka kwa kasi na madumu yao, wenyewe wamelala juu ya usukani. Zikapita. Deo bado ametoa kichwa nje.

"Ngoja kidogo," akasema. Kisha, bila haraka yoyote: "Sasa. Nenda."

Nilikwenda. Sikuona kitu, nilikanyaga mafuta kwa neno la mtu. Lile gari likaruka, tukaipita kamio kwa pumzi moja, tukarudi upande wetu na barabara tupu mbele yetu. Deo alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Wewe mwanamke unajua kuendesha," akasema, na meno yake yote yakaonekana.

Hakuna aliyenisifu nikafurahi hivyo, si kabla wala baada. Wauza nyanya wa Kigoma walikuwa wamesimama pembeni. Huyu alikuwa ndani.

Magara nililisimamisha gari ufukweni, na upande wa ziwa ndio upande wa Deo. Alikuwepo Salumu, rafiki yake wa siku za baiskeli, mtu wa sauti kubwa, amekuja kuchukua samaki. Akaja mpaka dirishani akampa mkono.

"Amahoro, Deo. Kumbe gari ni yako, na unajiendesha mwenyewe. Tangu lini?"

Watu wakaanza kusogea. Mimi nikatazama mbele. Nilisema moyoni, akitabasamu tu kama asubuhi, narudi kununua jekundu, na mawese ya mama yake yakwaruzike kwenye kila mfereji wa Rumonge.

Deo akainua mikono yake yote miwili juu, wote waone haijashika usukani.

"Volani iko kule," akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mitumbwi. "Dereva ni Mama Nella. Mimi niko macho yake."

"Bibi yako ndiye anakuendesha?" Salumu akauliza, anacheka.

"Ndiyo. Na wewe unaendeshwa na baiskeli. Tutaona nani anafika Rumonge wa kwanza."

Ufukwe mzima ulicheka, na Salumu mwenyewe alicheka kuliko wote. Nilimjivunia mume wangu mpaka kifua kikaniuma. Nilijivunia na mimi mwenyewe, kwa nini nisiseme. Nikashuka upande wangu wa kulia, nikapita mbele ya gari polepole ili wanione vizuri, nikaenda kuchagua mukeke.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa bado kibarazani. Hakusimama. "Ni gani?" akauliza. "Hii," tukajibu wote wawili kwa pamoja. Akasema sawa, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaketi, akaomba apelekwe kwake Kigwena ili awahi kuwafungia kuku wake kabla jua halijazama.

Gari lile ndilo hili lililoko nyuma ya nyumba, wewe mwenyewe umelipanda ukiwa mtoto. Limemsomesha Nella. Limepeleka maharusi kanisani na wajawazito hospitali, likaoshwa, likarudi kubeba samaki. Nusu ya wanawake wa hapa wenye permi walijifunzia kwenye usukani ule, Deo akiwa kando, na hakuna hata mmoja anayesema alimpigia kelele. Miaka yote hiyo mimi nauliza, "Unaona nini?" na yeye anajibu, na hatujawahi kugonga hata mbuzi.

Siku hizi macho ya Deo yameingia ukungu. Bado anaketi kushoto. Juzi tulikwenda Bujumbura kwenye harusi, na karibu na Minago tukakuta kamio ya mihogo, sawa na ile ya siku ile. Nikamuuliza anaona nini. Akaegemea dirishani, akatazama muda mrefu. "Ngoja," akasema. Nikangoja. Mbele kidogo nikamuuliza tena, akasema ngoja. Nikangoja. Tuliingia Bujumbura nyuma ya ile kamio, sisi na gari letu lililotengenezwa kwa mbio, vijana wa pikipiki wanatupita wanatupigia honi, na sikuona haya hata kidogo. Harusini tuliwakuta watu wameshafika kwenye keki. Tukala keki.

Sasa niseme wazi, usije ukadai mama mkubwa alikupa hadithi badala ya shauri. Yapeleke yote mawili kwa fundi unayemwamini, atazame chini, atazame breki, na bomba lenye kelele lisikudanganye. Hayo yatakusaidia kupata gari zuri. Lakini usinunue kwa ajili ya wanaosimama njiani, kwa sababu wao hawatakuwa ndani mvua ikinyesha. Mchukue Aline, mketishe kando yako, uende naye mbali, mahali penye kamio. Lile gari ambalo ndani yake unaweza kumuuliza anaona nini, ukaamini anachokujibu, ndilo lako, hata rangi yake ikiwa mbaya. Na kama Aline anaendesha vizuri kukupita, mpe usukani, kisha inua mikono yako juu watu waione.

Mungu awape breki zinazoshika na safari ndefu ya pamoja. Akupe ulimi wa kusema ngoja, na akupe sikio la kulisikia neno hilo ukiambiwa wewe. Awazeeshe wote wawili ndani ya gari moja. Deo yuko hapa, nimemsomea haya yote, na amesema amina. Ana swali moja tu, na ni swali langu pia: katika picha zote ulizotuma, mbona hakuna hata moja ya kiti cha kando? Kipige, Aline akiwa amekaa humo, unitumie. Hiyo ndiyo nitakayomwelezea Deo.