Platini Badala ya Kilemba

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nilianza maisha na baiskeli ya kukodi na magunia mawili ya makaa, kutoka Masaki yetu ya shamba, si ile ya mjini, kushuka mpaka Pugu, na kabla sijafika miaka thelathini nilikuwa na bati juu ya nyumba, mikorosho mpaka jirani wakanuna, na gari. Shuleni nilikaa mpaka darasa la tatu nikaona inatosha. Makaa nimewauzia Wazungu, korosho nimewauzia Wahindi na baadaye chama cha ushirika, na sijakutana na aliyenifundisha jambo ambalo nilikuwa sijalikisia. Mtu akija na habari ya ajabu namwacha amalize, halafu nampa maji anywe.

Gari lenyewe ni saluni, gari dogo la Kiingereza, rangi ya maziwa. Nililinunua kwa meneja wa shamba la mkonge upande wa Mlandizi, aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao baada ya mashamba kutaifishwa. Alitaka kunipa mafunzo ya kuendesha. Nikamwambia anipe ufunguo.

Asiyejua magari nimweleze kidogo. Ndani ya distributa mna vipande viwili vidogo vya chuma. Vinagusana na kuachana, vinagusana na kuachana, na kila vinapoachana plagi inapata cheche yake. Hizo ndizo platini. Zikiungua gari linakohoa, halafu linalala. Wenzangu wakilaliwa na magari yao waliita fundi. Mimi nilifungua kifuniko pale pale barabarani, nikazipiga msasa kwa ubavu wa kiberiti, nikapima nafasi yake kwa karatasi ya pakiti ya sigara, nikaondoka.

Lakini hata mimi siwezi kuisugua platini milele. Ilipofika mwaka themanini na tatu, sabuni ilikuwa haionekani dukani, sukari ilikuwa mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, sembuse platini. Aliyekuwa nazo alizificha, maana ndio ulikuwa wakati wa kuwasaka walanguzi, na hata mwenye seti moja aliogopa kuitoa mfukoni. Zangu zilikuwa zimelika mpaka zikabaki nyembamba kama ukucha wa mtoto. Kila safari lazima gari lilale, na mahali pake palipozoeleka ni bondeni Kibuta, penye maji.

Katika hali hiyo binti yangu mkubwa akaja kuposwa.

Kijana alikuwa wa Mlandizi, mtu wa umeme katika karakana ya serikali, mpole, anaswali. Mshenga wake alikuwa Mnyamwezi aliyehamia kwetu Pwani zamani, dereva wa malori mstaafu. Mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani akiwa mshenga mazungumzo hayawi mafupi.

"Mama yake ametaja mkaja wake," akasema mbele ya wazee wangu. "Bibi naye ametaja lake. Wewe baba, haki yako ya kilemba tukuletee nini?"

"Platini."

"Ndiyo nguo gani hiyo?"

"Ya gari. Seti mbili, na kondensa yake. Bila hizo binti hatoki."

"Malori yangu yalikuwa ya dizeli, hayana hayo mapambo," akasema. "Nilidhani naposa binti wa watu, kumbe naposa karakana."

Wazee wakacheka, lakini sikuwa natania. Nilikuwa nimekwisha tangaza Masaki nzima kwamba binti yangu nitampeleka Mlandizi mwenyewe, kwa gari langu, si juu ya lori la kijiji pamoja na magunia. Na siku yenyewe haikuwa na nafasi ya kuchezewa. Kijana alikuwa amehamishiwa Tabora. Nikaha ingefungwa kwangu Jumapili asubuhi, na Jumatatu alfajiri maharusi walikuwa wawahi treni Ruvu. Zama zile, kwa ajili ya uhaba wa mafuta, gari la mtu binafsi lilikuwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana mpaka Jumatatu alfajiri. Gari langu likilala njiani mpaka saa nane ifike, bibi harusi atalala humo humo, treni itaondoka na mume wake, na mimi nitarudi Masaki na mke wa mtu kwenye kiti cha nyuma. Nani angejua likizo nyingine ya kijana ingekuwa lini.

Mshenga alirudi na boksi dogo. Nikalifungua mbele ya wazee. Mlikuwa na kidude cheusi kilichozibwa kwa gundi ngumu, ukubwa wa kipande cha sabuni iliyotumika, na pete yenye sumaku, na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

"Platini ziko wapi?"

"Hazipo," akasema mshenga. "Hicho ndicho kinachoziondoa. Ni elektroniki. Kaka wa mkweo ni baharia, kakinunua ng'ambo. Unatoa platini zako, unaweka hicho, husugui tena maisha."

"Niliomba platini. Sikuomba zitolewe."

Mdogo wangu akasema kirudishwe, kilemba si kitu cha kubadilishiwa. Nami nilikuwa upande wake. Platini ninaijua, ikigoma naifungua naona ugonjwa wake. Kidude kilichozibwa kikigoma utakifanya nini, utakisomea dua? Nikaanza kulifunga boksi. Jioni ile mke wangu akaja na maneno ya binti. Binti alisema kama baba anaona kidude hakifai, yeye yuko tayari kupanda lori la kijiji na kukaa juu ya magunia, ili mradi afike kwa mumewe. Hayo maneno yaliniingia. Nikamwambia mke wangu kilemba nimekipokea.

Sasa nani wa kukifunga. Ningekifunga mwenyewe, lakini maelezo yaliyomo yalikuwa ya lugha nisiyoijua hata herufi zake. Ikabidi aje mkwe. Na hapo pana jambo: kwetu mkwe hasemi na baba mkwe mpaka nikaha ipite, na mama mkwe ndiyo hata kuonana hawaonani. Najua mjini wameacha. Kwangu hatujaacha. Basi alikuja Alhamisi na mshenga wake, kavaa ovaroli iliyopigwa pasi, kichwa kainamisha. Gari nililigeuza uso likatazama mikorosho, mke wangu akakaa jikoni nyuma ya ua wa makuti. Tukazunguka boneti watu watatu, na mmoja tu kati yetu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kusema na wote.

"Mwambie mzee naomba bisibisi ndogo," kijana akamwambia mshenga.

Bisibisi ninayo mkononi, na masikio ninayo. Nikangoja.

"Mtani, mkweo anataka bisibisi ndogo."

"Mwambie ndogo ipo, ila haina mpini."

"Haina mpini," mshenga akamgeukia kijana. "Mpini wa Mzaramo ukiutafuta utaukuta kwenye ngoma, ndio anaopigia."

"Na wewe mwambie asikusikilize, Mnyamwezi bisibisi ataijulia wapi, yeye amezoea mizigo ya kichwani."

Kijana alijifanya hakusikia, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Akazitoa platini zangu akaziweka juu ya bawa la gari. Nilizichukua kabla hazijaanguka, nikazifunga kwenye leso. Mikono yake ilikuwa safi na haina haraka. Akafunga kile kidude pale zilipokuwa, akavisha ile pete ya sumaku kwenye shafti, nyekundu akaipeleka huku kwenye koili na nyeusi kule. Mimi nikaingia kwenye usukani.

"Mwambie awashe."

"Washa, mtani."

Nikawasha. Injini ikapiga teke moja, ikatoa moshi nyuma, ikanyamaza. Kijana akainama kuilegeza distributa aizungushe kidogo. Boneti ilikuwa juu, simwoni. Nimekaa, ufunguo umebaki pale pale, nangoja niambiwe. Kumbe kidude kile kina ugonjwa wake: ukikiachia umeme na injini haizunguki, kinapata moto mpaka kinakufa. Kijana alikuwa amekwisha sema mara mbili, mwambie mzee azime, mwambie azime. Lakini mke wangu naye alikuwa amemuuliza mshenga kutokea nyuma ya ua kama uji anaunywa na sukari au bila, mwaka ule wa sukari kukosekana, na mshenga alikuwa anamjibu kwa kirefu.

"Baba, zima."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anavyosema nyumbani kwao. Nikazima hapo hapo, na mdomo wangu ukajibu haujaniuliza: "Nimezima, mwanangu. Kimeungua?"

Nyuma ya ua kijiko kiliacha kukoroga. Kijana alitokeza kichwa pembeni ya boneti, ananitazama usoni kwa mara ya kwanza, na jasho linamtoka.

"Kina moto, baba. Sijui. Tukiache kipoe."

Tukakiacha. Sikuwahi kungoja kitu kama vile nilivyongoja kile kidude. Niliposubiri makaa yaive porini nilikuwa nalala. Pale sikulala. Nilikwenda kukigusa, nikarudi, nikakigusa tena. Nilikuwa namfikiria binti juu ya magunia. Kijana akaja akasimama karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Kikiwa kimekufa, baba, nitakurudishia platini zako mwenyewe, na nitapanda nawe Jumapili nizisugue njia nzima." Bwana harusi mzima, katika kanzu yake. Nikamwambia tujaribu kwanza.

Hatukumtumia mshenga tena. Yeye anasema washa, mimi nawasha. Anasema mara moja tena, baba, nawasha mara moja tena. Ya tatu injini ikashika.

Nimekaa na gari lile miaka, najua kikohozi chake cha asubuhi na kikohozi chake cha jioni. Siku ile halikukohoa. Lilinguruma mfululizo, taratibu, kama cherehani iliyotiwa mafuta, nikakanyaga na likaitika bila kusita. Sikushangaa. Nilikaa tu kwenye kiti kwa muda, mikono juu ya usukani, kifua kikinishuka kama mtu aliyetua gunia. Nyuma ya ua mke wangu akapiga kigelegele kimoja kifupi, cha mtu ambaye hakutakiwa kuwapo.

Jumapili nikaha ilifungwa mapema. Lori la kijiji likatangulia na bwana harusi na watu wake, na magunia yao. Mimi nikampakia binti, amejifunika, pembeni yake somo yake aliyemfunda, mbele shemeji yangu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tulipokaribia bonde la Kibuta wanawake wote watatu wakanyamaza, maana wanalijua. Nikaingia majini. Maji yakaruka mpaka kwenye kioo. Gari likapita, likapanda upande wa pili.

"Baba," binti akasema ndani ya ushungi, "mbona hujasimama ukasugua?"

"Hakuna cha kusugua."

Somo yake akaanza kucheka, shemeji akaitikia, wakaanza kuimba, na hawakunyamaza tena mpaka Ubungo. Tukashika barabara ya Morogoro. Maili Moja pale Kibaha askari wa barabarani alitazama saa yake, akanitazama mimi, akamwona bibi harusi nyuma, akatupungia mkono tupite. Mlandizi tuliingia kabla ya saa nane. Wanawake wakalizunguka gari, wakamteremsha binti chini ya kanga, na kabla hajaingia ndani alinishika mkono kupitia dirishani akaubana. Mimi niliiacha injini inazunguka kidogo, bila sababu yoyote, kwa kuisikiliza tu.

Nilipozima, mshenga akaingiza mkono dirishani akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa kanzu.

"Kaa nao," nikamwambia. "Leo halitembei tena."

"Na kesho halitembei. Mimi nilikuwa mdomo wako, mtani. Alhamisi ulisema na mkwe kwa mdomo wako mwenyewe, nikaha bado, mimi nimesimama pale nina afya yangu. Umeninyang'anya kazi. Nataka mbuzi."

"Ulikuwa unazungumza habari za uji."

"Nilikuwa kazini, nikachelewa kidogo. Kuchelewa si kufa. Wewe ulimwita 'mwanangu'. Ungesubiri."

Watu walikwisha kutukusanyikia. Mzee mmoja wa upande wao akaamua kwamba kweli mila ni mila, na faini ipo, ila ya mbuzi ni kubwa mno. Kijana akasogea akasema neno la kwanza lilikuwa lake, yeye ndiye aliyesema zima, basi atalipa yeye. Nikamzuia. Nikamwambia zima ni neno la kazi, halina bei, lakini hilo lingine nililisema mimi, na ningelisema tena hapo hapo mbele ya watu wote. Nikalisema.

Tukashushana na mtani, kutoka mbuzi tukaja kwa jogoo wawili, kutoka jogoo tukaja kwa fedha taslimu. Kidude chenyewe kilikuwa kilemba changu, sikukitolea hata senti, na kazi ya kukifunga ilikuwa ya mwanangu. Kwa hiyo kuondokana na platini kulinigharimu faini ile tu: shilingi mia moja na themanini.