Watu Watatu na Turubai Moja

Kwetu Kisii ardhi haina pengo. Ukitoka mlangoni unakanyaga shamba lako, ukivuka mfereji umeingia kwa ndugu yako, na ukiruka ua wa ndugu yako uko kwa mtu ambaye babu yake na babu yako walishtakiana kwa ajili ya mpaka huo huo. Chai, migomba, mahindi, pareto juu miinukoni: kila kipande kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana macho. Ndiyo maana, nilipokuwa msichana, mahali pasipokuwa na mwenyewe palinishangaza kuliko mji. Palikuwa na msitu wa serikali upande wa Nyamira, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu kutoka soko la Kebirigo. Mtu yeyote aliruhusiwa kuingia, hata kulala, bila kulipa chochote, mradi aheshimu masharti ya msitu. Nimeishi mahali pengi tangu wakati huo, na bado naziweka siku zile chache miongoni mwa mema niliyotendewa bila kuyastahili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, na mwalimu wetu wa sayansi alitutuma likizo na agizo moja: kila mmoja akusanye mimea ya asili ya kwao, aikaushe kwa kuibana kati ya magazeti na mbao, na aeleze ilikoota na jinsi ilivyoota. Asiyeleta mimea hangefanya mtihani. Agizo hilo lilikuwa jepesi kwa wenzangu wa nyanda kavu. Kwetu sisi, mimea ya asili ilikwisha kung'olewa na baba zetu ili wapande chai. Ulibaki msitu tu, na ua la msituni hunyauka kabla hujalifikisha barabarani. Sharti libanwe pale pale lilipochumwa. Kwa hiyo ilinibidi nilale huko.

“Msichana alale porini kama mbweha?” mama aliuliza, akiwa ameshika kikapu cha majani ya chai.

“Nitampeleka mimi,” baba akasema.

“Wewe? Na kifua hicho?”

“Kifua nitakwenda nacho. Sijasema nitakiacha.”

Mama hakucheka, na alikuwa na haki. Mwaka uliotangulia baba alilazwa hospitalini mjini Kisii kwa nimonia, akakonda hata pete ikawa inamtoka kidoleni. Siku ya kumruhusu, daktari alimwambia mbele yetu kwamba mapafu yake hayangestahimili ugonjwa huo mara ya pili, na kwamba jambo la kuogopa kuliko yote ni kunyeshewa hadi nguo zilowe mwilini. Tangu siku hiyo wingu likitanda, sisi nyumbani hatukuwa tukitazama wingu. Tulikuwa tukimtazama yeye. Lakini kaka zangu walikuwa mbali shuleni, na baba, mzee wa kanisa aliyekuwa mpole katika kila jambo isipokuwa masomo ya watoto wake, alikwisha kuamua.

Hata hivyo hatungeweza kwenda wawili. Sisi Abagusii tuna sheria za staha tunazoziita chinsoni. Baba haingii mahali anapolala binti yake mtu mzima, wala haoni matandiko yake. Na mama vivyo hivyo kwa mwanawe wa kiume akishatahiriwa. Ila kati ya mjukuu na wazazi wa baba yake staha hiyo haipo. Wao hutaniana watakavyo. Babu, alipokuwa hai, aliniita mke wake. Kwa hiyo nyanya, mama yake baba, aliniita mke mwenzake, na alinisema jinsi wake wenza wanavyosemana. Yeye ndiye aliyeongezwa katika safari, ili mimi nisilale peke yangu.

“Mwalimu wenu huyo ana akili timamu?” aliniuliza njiani, siku ya Jumapili, kwa kuwa kanisa letu husali Jumamosi, tulipokuwa tukipanda mlima nyuma ya baba. “Majani! Angeniletea gunia, ningemjazia hapo nyumbani. Ng'ombe wetu angemsaidia kuyabana.”

“Anataka ya msituni, nyanya.”

“Mke mwenzangu, mwanamume akikuambia nenda msituni umletee majani, amechoka kukuona.”

Baba alikuwa mbele yetu, na kwa kuwa mwana hacheki utani wa mama yake, alikaza mwendo. Nilimwona masikio yakimtembea kwa kicheko alichokizuia.

Ukingoni mwa msitu tulikuta askari wa msitu, mtu wa wilaya nyingine, kwa hiyo baba alizungumza naye Kiswahili. Alitueleza masharti akiwa amekaa juu ya gogo, bila kusimama.

“Mti wenye uhai usiguse, mzee. Tawi ambalo halikuanguka lenyewe usiguse. Maua ya masomo ya binti, kiasi cha mkono, achukue. Moto ni pale kwenye uwanja tu. Mkiondoka, nisijue kwamba mlikuwapo.”

“Na malipo?”

“Malipo ya nini? Msitu ni wa serikali, na serikali ni wewe.”

Nyanya alitaka kutafsiriwa. Alipokwisha kusikia akasema, kwa Ekegusii, “Kama serikali ni wewe, basi wewe serikali nikatie fito mbili nzuri.” Baba hakutafsiri hayo. Wala hakukata fito, ingawa askari alikwisha kwenda zake na hakuna ambaye angemwona.

Tulikuwa na turubai moja, lile tulilotumia nyumbani kuanikia maua ya pareto, yale yanayotengenezewa dawa ya wadudu. Lilikuwa limekunywa harufu ya pareto miaka mingi, hata mbu na siafu hawakulikaribia. Baba alilitundika juu ya kamba kati ya miti miwili, akapigilia pembe zake chini, na hapo ndipo nyanya na mimi tulipotandika. Yeye mwenyewe alikwenda upande wa pili wa uwanja akajijengea kibanda, mlango ukiwa umetupa kisogo. Alijenga kwa matawi makavu aliyookota na kuezeka kwa matete yaliyonyauka, kwa kuwa sharti lilikuwa sharti. “Kiota cha ndege mvivu,” nyanya alinong'ona. Lakini niliona alivyokikagua kutoka mbali, akikitazama, kisha akitazama mawingu.

Ya siku ile na asubuhi iliyofuata nayakumbuka kwa furaha ambayo hainipungui. Nilichuma, nikabana, nikaandika. Kulikuwa na maua meupe yaliyojishikiza juu ya magome kama vipepeo waliosahau kuruka, na kulikuwa na ukimya ambao shambani haupatikani, kwa sababu shambani daima kuna jirani anayekohoa. Baba alinifuata akibeba mbao zangu. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumwona akitembea bila jembe au panga mkononi, na sikujua kwamba alikuwa mtu wa kutazama juu. Alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache, ameinua kidevu, kimya, kama mtu anayesomewa habari njema.

Kwetu mvua ina saa yake: asubuhi ni jua, alasiri radi hutoka upande wa ziwa. Siku ya kwanza yalikuwa manyunyu, kibanda kikastahimili. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, tulisikia mbali mlio kama wa lori linalomwaga kokoto. Ilikuwa mvua ya mawe. Tulikimbilia kila mtu kwake. Nilikuwa nimeingia chini ya turubai nikikumbatia mbao zangu, na nyanya nyuma yangu, mawe yalipotufikia. Na kupitia mwanya niliona kibanda cha baba kikilala chini, taratibu, bila hata kuvunjika, kama mtu aliyechoka kusimama.

Baba alitoka ndani yake kwa kutambaa. Akaenda kusimama chini ya mti mkubwa, koti lake likiwa juu ya kichwa. Mti ule ulizuia mawe, maji haukuyazuia.

“Ingia huku!” nyanya akapiga kelele.

“Niingie wapi, mama?”

Nyanya akageuka kutazama nyuma yake. Matandiko yake yalikuwa pale, na ya kwangu kando yake, nguo zetu zimetundikwa kwenye kamba. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe kwamba mahali kama pale hapaingiwi. Akajaribu njia nyingine: “Basi sisi tunatoka. Uingie wewe.”

“Mama, ninyeshewe mimi kuliko kukaa kitandani mwako nikutazame ukinyeshewa wewe.”

Nao hawakuwa wakibishana. Kila mmoja alisema jambo ambalo mwingine alilijua kuwa kweli. Kisha baba akakohoa. Niliijua sauti ya kikohozi kile. Nilikuwa nimeisikia kupitia ukuta mwaka mzima uliopita. Nikaona koti lake limegeuka jeusi mabegani, na weusi ule ukishuka kuelekea kifuani.

Sikuwa na hekima yoyote wakati ule. Nilichokuwa nacho ni hasira, hasira dhidi ya mawe, dhidi ya mwalimu wa sayansi, dhidi ya fito ambazo baba alikataa kukata. Nikaanza kukunja matandiko na kuyasukumiza kwenye gunia. Nikashusha nguo zetu, nikazitia humo pia. Kisha nikafungua kamba na kung'oa vigingi.

“Unafanya nini, wewe?” nyanya akaniuliza.

“Nabomoa nyumba.”

Akanitazama kidogo. Halafu akapiga makofi mara moja, akashika pembe ya pili na kung'oa kigingi chake kwa teke. “Bomoa! Bomoa, mke mwenzangu! Nyumba isiwepo, tuone kama kuna mtu wa kukatazwa kuingia!” Turubai likatuangukia vichwani. Mbao zangu zilibaki wazi chini, na maji yalikuwa yakija yakitiririka kwenye nyasi. Nyanya akazitupa juu ya lile gunia, akaketi juu yake na kuyatandaza marinda yake pande zote. “Nimekalia masomo yako,” akasema. “Mwite sasa.”

Tulikuwa tumeliinua turubai kwa mikono yetu, kama watu wa sokoni wanavyoshika jani la mgomba mvua inapowakuta. “Baba,” nikasema, “hapa si mahali pa mtu. Njoo.”

Alitazama palipokuwa na hema. Hapakuwa na kitanda, wala kamba, wala mlango. Akavuka uwanja akikimbia, kichwa kimeinama, akaingia chini ya turubai letu akiwa mrefu kuliko sote, na kichwa chake kikawa nguzo ya katikati. Nilimvua koti lililolowa. Nyanya alifungua kanga yake ya juu, akaipitisha nyuma yangu bila kumtazama mwanawe, na mimi nikamfunga nayo kifuani. Bega langu lilikuwa limegusana na mkono wa baba. Sikumbuki kama lilikuwa limewahi kugusana nao tangu nilipokuwa mtoto wa kubebwa.

Kisha nyanya akasema kutoka chini, kwa sauti ya mtu asiyetujua, “Hapa ni soko gani?”

Huo ulikuwa utani, na utani wa mama kwa mwanawe haukuwa na nafasi popote nilipopajua.

Baba akakaza kanga kifuani. “Kebirigo,” akasema.

“Chumvi unauzaje?”

“Chumvi imelowa, mama. Leo nina barafu tu.”

Nyanya alicheka hadi turubai likatikisika na maji yakamwagika pembeni. Nami nikacheka, na baba akacheka, kicheko kifupi kikavu ambacho nilikiogopa kitageuka kikohozi, na hakikugeuka. Alisema mawe yale, kama yamefika nyumbani, yamemaliza chai yetu. Nyanya akamjibu kwamba chai huota tena. Mikono ilituuma. Tulikuwa tukibadilishana pembe bila kuambiana.

Mvua ilipokatika baba alitoka kwanza, akaenda zake upande wa pili wa uwanja, akaokota kuni zilizokuwa zimejificha chini ya magogo na kuwasha moto mkubwa. Alikaa karibu nao hadi nguo zikatoa mvuke. Sisi tukalitundika turubai upya na kutandika, na tangu hapo nyumba ikawa nyumba tena, na baba hakuisogelea. Ya Kebirigo hatukuyazungumza kamwe, si siku ile wala nyumbani. Sikuona haja. Watu hushukuru kwa namna nyingi. Sisi tulishukuru kwa kurudisha kila kitu mahali pake.

Nimesikia wenzangu wasomi wakizilaumu sheria zile za staha kwamba zilitutenga na baba zetu. Huenda. Mimi ninachojua ni kwamba baba yangu alizishika hata chini ya mawe, za kwetu na za msitu pia, na kwamba alipopata mwanya wa kutukaribia bila kuvunja hata moja aliupitia mbio. Namshukuru kwa yote mawili. Naushukuru na ule msitu, ambao haukutuuliza sisi ni nani, ukatupa mahali ambapo nyumba ingeweza kubomolewa na kujengwa tena siku hiyo hiyo.

Asubuhi tuliyoondoka tulizika majivu na kutawanya matete. Baba alitangulia kupanda mlima ule kwa upande wa pili, gunia begani, na mimi nikimfuata huku nikihesabu pumzi zake badala ya hatua zangu. Nilingoja asimame apumzike. Alifika juu, akapita, akaendelea.

“Nyanya,” nikaanza.

“Nimesikia,” akasema. “Hakohoi. Nyamaza, usimkumbushe.”